Upepo wa Gotini

Ulikuwemo kwenye chumba kile cha kungojea daktari, usijifanye hukuwemo. Pazia lilipepea, ukainuka ukafunga dirisha, maana huku kwetu Serbia nani asiyejua kwamba upepo upitao kati ya mlango na dirisha ndio uletao magonjwa yote? Pazia likaendelea kupepea. Wewe ukageukia ukutani.

Upepo ulikuwa ukitoka kwenye goti la Nevena, binti wa miaka tisa, aliyepakatwa na mama yake, Zagorka. Ulianza msimu wa kuchoma pilipili za ajvari, ile rojo nyekundu tunayopaka mkate. Mtoto alilalamika kwamba mguu unamuuma, hasa akilala, na Zagorka akaona makaa yanakolea kila binti anaposogea. Akamkanda kwa rakija, pombe kali ya matunda, akamfunga majani ya kabichi. Majani yakapeperuka hadi darini, yakakaa huko.

Jirani yao Stamena alikuja na beseni.

"Shoga, niazime goti la mwanao. Mashuka yangu hayakauki."

"Linamuuma, Stamena."

"Basi mawili tu."

Yakakauka, yakanukia theluji ya mbali. Nevena akisinzia alasiri, nywele zake zilielea polepole kama yuko chini ya maji.

Daktari Gvozden aliugusa uvimbe uliokwisha kuota gotini, na karatasi zake zikatawanyika sakafuni.

"Ni upepo, mama. Mfunge skafu."

"Unatoka ndani, daktari."

"Si ndiyo hayo ninayokwambia?"

"Mpige picha ya mfupa."

"Watoto wanakua, mama. Mifupa inajinyoosha. Rudi miti ikichipua."

Zagorka alimkumbuka Ognjen, mtoto wa fundi mchomeleaji, ambaye upepo ulimtoka begani. Naye alifungwa skafu. Walipokuja kumpiga picha, saratani ilikuwa imekwisha kuutafuna mfupa na kuhamia mapafuni. Wakasema uvimbe wa namna hiyo kwa watoto ni nadra, nani angejua? Mama yake alijua. Alisema tangu mwanzo. Siku ya maziko mji mzima ulifunga madirisha.

Sasa hivi Nevena ametoka kwa daktari, yuko tena kwenye chumba cha kungojea, skafu ya sufu imefura gotini kama mto wa kulalia. Wagonjwa wengine wameshika kofia zao, wanangoja zamu.

Inuka. Mshike Zagorka mkono, mrudi ndani kwa daktari nyote wawili, na msitoke mpaka goti lipigwe picha, na picha ifike Belgradi kwa wale wanaojua kusoma mifupa ya watoto. Leo hii, wakati mfupa ungalipo.