Bendera Nusu Mlingoti

"Daktari ameandika: mgonjwa hana malalamiko," wakili akasoma kupitia spika ya simu. "Siku kumi baada ya chanjo. Mahakama itaaminije kwamba bega lilianza kuuma ndani ya siku mbili?"

Arlo Tveit, msafishaji wa shule, aliendelea kupandisha bendera kwa mkono wa kushoto, kamba akiikanyaga kwa buti ili isirudi. Siku ile ya daktari alikwenda kupimwa presha tu. Daktari akamuuliza hali, akajibu nzuri. Hapa kwetu Minnesota hata anayezama ukimuuliza atakwambia maji si baridi sana.

"Yule nesi sitaki ashitakiwe," alisema. "Tunasali kanisa moja."

"Hashitakiwi mtu. Tunadai fidia kwenye mfuko wa serikali wa walioumizwa na chanjo."

"Kwani serikali ndiyo iliyonidunga?"

"Hapana."

"Basi sielewi."

"Elewa hili tu: bila ushahidi wa siku mbili zile, hakuna dai. Tafuta mtu aliyekuona."

Bila dai, pesa ya upasuaji hana. Na bila upasuaji, mkono wa kulia haupandi kupita kifua. Arlo alikata simu akiwa amechanganyikiwa kabisa. Nani angemwona, na alikuwa akificha maumivu?

Bi Ardis, mjane wa ng'ambo ya barabara, alimwita ndani anywe kahawa.

"Leo angalau bendera imefika juu," alisema. "Siku ile ulinitia hofu."

"Siku gani?"

"Ulipoiacha nusu mlingoti. Nikaoka viazi na nyama vya kupeleka msibani, ndipo nikakupigia kuuliza nani kafa. Ukasema hakuna, ni mkono tu umegoma."

Arlo aliweka kikombe chini. "Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Nitakumbuka wapi mimi? Tazama kalenda, kila siku naandika humo."

Kalenda ya mwaka jana ilikuwa bado kwenye friji, chini ya ile mpya. Chanjo ilikuwa tarehe nane Oktoba. Kwenye kisanduku cha tisa, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi: Mawingu. Bendera nusu. Hajafa mtu, ni bega la Arlo. Viazi nimekula mwenyewe.

Arlo alisoma mara tatu. Machozi yalimlengalenga, akaona aibu.

"Na leo linaendeleaje?" Bi Ardis akauliza, kalamu mkononi, juu ya kisanduku cha leo.

"Si vibaya."

Bi Ardis hakuandika. Alimtazama tu, kalamu ikingoja, na nje kamba ikigongagonga mlingoti.

"Linauma," Arlo akasema, kwa sauti ndogo. "Linauma kila siku."

Bi Ardis akaanza kuandika, polepole, asiache neno.