Mtumbwi Usiguswe

Pelagia alikuwa ameketi barazani pa mahakama tangu mlango haujafunguliwa, miguu imevimba kwa mwendo wa kutoka Makoko, alikolala kwa binamu yake juu ya gunia. Tangu jana mchana hajatia kitu tumboni. Karani Thadeo alipotoka, alizungumza huku akitazama juu ya vichwa vya watu.

"Kesi ya Pelagia wa Murangi dhidi ya Masatu. Hukumu bado."

"Bado tena, baba?"

"Mashine ya chapa haina ribini. Na hakimu ana semina."

Semina! Safari iliyopita ilikuwa mafuta ya gari, na kabla yake hakimu Alfonsi alikuwa anaumwa jino. Mashahidi walikwisha kusikilizwa zamani. Kilichobaki ni mtu mmoja kukaa kitako na kuandika nani mwenye mtumbwi.

Pelagia aliununua kwa pamba aliyoilima Bugwema kwa mikono yake, mumewe akiwa hai. Mume alipokufa, hata matanga hayajaanuliwa, shemeji yake Masatu akaja na maneno yake: mtumbwi ni wa ukoo, na mjane naye ni wa ukoo, basi akubali kurithiwa, mambo yaishe. Pelagia akakataa, akaenda mahakamani. Siku ya kwanza tu hakimu akatoa amri: mtumbwi upandishwe nchi kavu, mtu yeyote asiuguse mpaka hukumu.

Tangu hapo viwanda vya minofu vikafunguliwa mjini, magari ya barafu yakawa yanashuka mpaka mwaloni Murangi, ufukweni mwa ziwa, kugombania sangara. Wenye mitumbwi wakaezeka bati. Pelagia alikuwa akiparua samaki wa wenzake, ujira wake vichwa. Mwanawe Hyasinta na wadogo zake wakaacha shule kwa kukosa ada. Juani kule mbao za mtumbwi zikaanza kuachana. Alipochukua ndoo azimwagie maji zisipasuke, mtendaji wa kijiji alimzuia.

"Amri inasema usiguswe, mama. Kumwagia maji si ndiyo kugusa kwenyewe?"

Ndipo akaja mahakamani jaji mkaguzi kutoka Mwanza. Aliuliza watu waliojaa uani kama kuna mwenye malalamiko, na kila mtu akatazama viatu vyake. Pelagia, ambaye hakuwa na viatu, akasimama.

"Mheshimiwa, mashahidi wangu walipomaliza, mwanangu wa mwisho nilikuwa ninambebaga mgongoni. Siku hizi ananichoteaga maji. Mtoto amekua, hukumu haijazaliwa."

Jaji aliagiza jalada, akalifungua mbele ya watu.

"Bwana Alfonsi, hii ni nini?"

"Kazi ni nyingi, mheshimiwa jaji. Halafu ribini..."

"Kalamu ulikuwa nayo?"

Pelagia alifurahi, tusifiche.

Safari hii mambo hayakuchelewa. Alfonsi alisimamishwa kazi, kisha ikasikika amevuliwa uhakimu kabisa, kwa kosa la kukalia kesi za watu. Murangi nzima ikazipata habari hizo. Pelagia akaitwa mjini mbele ya hakimu mpya, kijana mwenye adabu, aliyempa kiti. Wakili wa Masatu akaomba mashahidi wote wasikilizwe tena, kwa kuwa hakimu huyu hakuwaona kwa macho yake.

"Ni haki yake kuomba," hakimu alisema. "Mama, umeelewa? Mwenzangu ameondoka bila kuandika hukumu. Mimi siwezi kuamua kwa masikio ya mtu mwingine. Tunaanza upya."

"Bernado alishakufa, mheshimiwa. Ndo fundi aliyeniundia. Pamba yangu aliipokeaga yeye."

"Pole sana. Tafuta shahidi mwingine."

"Fundi alikuwa mmoja."

"Utaleta utakachoweza. Amri ya kutougusa mtumbwi inaendelea." Akaandika tarehe, akaita kesi nyingine. Alikuwa na haraka. Jaji alikuwa amewaonya wote kuhusu ucheleweshaji.

Pelagia aliposhuka Murangi jioni, alipokewa kwa vigelegele. Wanawake walimjia wakicheza, jirani yake Euphrasia mbele, mwiko mkononi.

"Umeshinda, mama Hyasinta! Umemng'oa hakimu!"

Walikuwa wamepika sato na ugali wa muhogo. Waliamini, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angeamini, kwamba hakimu akiadhibiwa kwa kuikalia haki yako, basi haki yako umepewa. Hata Masatu alikuwepo. Alitangulia kwa gari la wakili wake, na sasa ameketi na wanaume, ananawa mikono. Hakuwa amemwambia mtu lolote.

Pelagia alifungua mdomo awaeleze. Kisha akauona moto.

"Kuni mmezitoa wapi?"

"Si mtumbwi wako?" Euphrasia akacheka. "Mbao zilishaachiaga zote, majini haziendi tena. Tukasema kesi imekwisha, mwenyewe hawezi kutukatalia. Yaani hata mafuta ya taa hatukutia!"

Masatu alimega tonge, akalitazama.

"Na leo tu hakimu amerudia kwamba usiguswe," alisema kwa upole. "Karibu tule, shemeji."

Wakamsogezea Pelagia kigoda karibu na jiko, mahali pa mgeni wa heshima, na Euphrasia akasukuma ubao mwingine chini ya sufuria.