Mbu Hawapandi Mlima

Mbu hawapandi mlima. Maneno haya nimeyasema tangu nikiwa binti, babu zangu waliyasema kabla yangu, na aliyebisha tulimcheka. Watu wa bondeni walikuwa na mbu na vyandarua vyao. Sisi wa msituni, huku juu mlimani, tulikuwa na baridi. Homa yetu ilikuwa moja, na mganga wake nilikuwa mimi. Ndiyo maana wananiita Mama Jasho.

Kazi yangu haina siri. Mgonjwa anayetetemeka namkalisha karibu na moto, namfunika mablanketi matatu, namfukiza kwa majani ya mtoni mpaka jasho limtoke. Likishatoka, homa imekwisha.

Mjukuu wangu, mtoto pekee aliyeachwa na marehemu mwanangu, alianza kutetemeka mwaka ule mvua zilipotukataa. Tulimwita Kasuku, maana alikuwa na miaka mitano na mdomo wa watu kumi. Nilikwenda mtoni, nikakuta vichaka vimekauka nusu na maji yaliyokuwa yakikimbia yamebaki madimbwi. Vijidudu vikanililia sikioni. Nikavifukuza kwa mkono, nikachuma majani yaliyobaki.

Nikamfukiza. Jasho likamtoka chapachapa, akalala, akaamka anadai chakula. Mkamwana wangu, mama yake, alitaka tumpeleke hospitali ya bondeni hata hivyo, maana aliona macho ya mtoto yana umanjano. Nikamwuliza kama aliolewa hapa ili aje kunifundisha kazi. Akaenda kuchochea moto.

Siku ya tatu homa ikarudi. Nikaongeza blanketi la nne. Jasho likatoka, mtoto akaamka, akacheka, nami nikajipiga kifua. Ikarudi tena, na safari hii Kasuku hakusema neno.

Tulishuka alfajiri, mama yake amembeba mgongoni, tukafika jua likiwa utosini. Daktari alimchoma kidole, akapima ile damu, akaniuliza tumemtibu vipi. Nilimweleza yote, moto na blanketi na majani, tena kwa fahari, Mungu anisamehe.

"Bibi, hii ni malaria," akasema taratibu. "Homa yake hupanda na kushuka yenyewe. Lile jasho halikuwa lako."

Nikamwambia kwetu hakuna mbu.

"Hawakuwapo. Sasa huko kwenu kuna joto, wamepanda. Huyu ni mtoto wa nne kutoka juu mwaka huu."

Kasuku alikata roho kabla dripu haijafika nusu. Mama yake hakunilaumu, wala hajanilaumu mpaka leo. Hunipa chakula kwa mikono miwili kama zamani. Laiti angenitukana.

Mito haijarudi, na baridi yetu haijarudi. Watu ndio bado wanakuja. Asubuhi ya leo jirani yangu amenijia na mwanawe anatetemeka, nami nikamwambia asikae hata dakika moja, ashuke bondeni. Nikamweleza habari za mbu. Alinitazama kama mtu aliyefukuzwa mlangoni.

"Mama Jasho," akasema, "mbu hawapandi mlima. Si wewe uliyenifundisha?"

Nilimshika mkono, nikamsihi. Akajinasua kwa adabu, akasema huzuni imenichosha, nipumzike, kazi yenyewe anaijua. Amekwenda kuuwasha moto mwenyewe. Moshi wake nauona kutoka hapa nilipokaa.