Mjomba wa Hafidha

Asubuhi ile Furaha alijifunga juu ya gauni kanga mpya aliyopewa na Mzee Luqmani, wakateremka wote wawili kutoka Mkuyuni hadi Morogoro mjini, ofisi ya uhamiaji. Moyo wake ulikuwa umetulia. Alikuwa na shahidi, tena mjomba wa Hafidha mwenyewe, mwanamke anayemtuhumu.

Miaka miwili nyuma, Hafidha alimtoa kwao Burundi kwa ahadi ya cherehani. Cherehani hakuiona. Aliyaona masufuria ya maandazi huko Mwembesongo, bila ujira, kitambulisho chake kimefungiwa kabatini. Siku Hafidha alipommwagia mafuta ya moto mkononi, alikimbilia kwa Mzee Luqmani, aliyezoea kuwaletea ndizi. Mzee alimpaka asali kwenye kidonda, akasema, "Mwanangu, hapa umefika."

Christina, afisa ustawi wa jamii, alikuwa amemweleza bayana: aliyesafirishwa kwa hila na kutumikishwa, sheria haimshtaki kwa kukosa kibali, wala harudishwi kwao hivi hivi. Ila ionekane kweli alitumikishwa.

"Shikamoo, mzee," alisema Daniel, afisa uhamiaji. "Binti huyu unamfahamu?"

"Marahaba. Namfahamu. Ni kibarua wangu wa shamba."

"Hakutokea kwa mpwa wako?"

Mzee aliizungusha kofia yake magotini. "Kwa Hafidha sijamwona hata siku moja."

Furaha alicheka. Kila siku mzee alimtania kwamba Warundi hawajui kumenya ndizi. "Baba, acha utani wako. Si wewe uliyenipaka asali?"

"Vibarua huungua, binti. Jikoni kuna moto."

Binti! Jana tu alikuwa mwanangu.

Daniel alivuta fomu ya kumwondosha nchini. Christina, aliyekaa kando ya Furaha, akaizuia kwa kiganja. "Sheria haikusema mpaka mzee akubali. Msikilize mwenyewe."

Furaha alifunua kovu. "Kabati la bluu, karibu na jiko. Kitambulisho changu kimo kwenye kopo la hamira. Ufunguo Hafidha anauvaa shingoni."

Daniel aliirudisha ile fomu kwenye droo. "Huyu haendi popote mpaka polisi walifungue hilo kabati."

Walipotoka nje, mzee alikuwa ametangulia kuketi kwenye benchi.

"Ukoo ulikaa jana usiku," alisema bila kuinua macho. "Hafidha ni mtoto wa dada yangu. Kwetu Waluguru, mtoto wa dada ndiye damu ya ukoo. Mjomba asiposimama, nani asimame?"

Kwao Burundi watoto ni wa upande wa baba. Furaha alidhani mjomba ni wa kuletewa salamu tu, kumbe alikuwa amemchukua mwenye mtoto akatoe ushahidi dhidi ya mtoto wake.

"Na mimi ulikuwa unaniita nani?"

Christina alikuwa amekwisha fungua mlango wa gari la kwenda nyumba ya hifadhi. Furaha alivua ile kanga, akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka benchini. Kisha akapita, na shikamoo yake hakuitoa.