Inawaka Bure

Cheche alibonyeza kitufe cha kuwashia, akarudi nyuma kidogo kama mtu aliyewasha fataki, akangoja makofi. Taa nyekundu za kibodi zikawaka. Feni ikavuma. Kioo kikabaki cheusi ti.

"Haya, bibie, amka," aliiambia kompyuta.

Bibie hakuamka. Cheche akaizima, akaiwasha tena. Taa, feni, giza. Akaizima kwa hasira, akikandamiza kile kitufe kwa dole gumba kana kwamba anaua kunguni. Kijasho chembamba kikamtoka, na hakikuwa cha joto la pasi, maana joto la pasi alizaliwa nalo.

Nyumba yao ilikuwa ya madobi. Mbele kulikuwa na kaunta, meza mbili za kupigia pasi, na nguo za watu zikining'inia juu kwenye vyuma, kila moja imebanwa kijitambaa cha alama kwa pini. Nyuma, ukipita pazia, ndiko walikoishi. Mtaa mzima uliwajua kwa kasi: leta asubuhi, chukua mchana. Baba alipiga pasi kama anayefukuzwa, Mama alifua kama anayegombana na mtu, na Cheche, mtoto wao wa kwanza, alikuwa amerithi mikono ya baba na ulimi wa mama, akaongeza na moto wake mwenyewe.

Aliyekwenda kinyume na wote ni mdogo wake wa kike. Cheche ndiye aliyempa jina la Kobe, tangu utotoni, kwa kuwa wenzake wakimaliza kapu zima la nguo yeye bado yuko kwenye shati lile lile, anailaza kola, anaitazama, anailaza tena. Lakini wateja walikuwa wakija kaunta na kunong'ona, "Zangu akunje yule binti wa polepole." Jambo hilo lilimuudhi Cheche kila siku ya Mungu.

Kompyuta ilikuwa ya Kobe. Leo saa tisa alasiri ilikuwa fainali yake.

Alicheza mchezo wa ngome: unajenga kuta, unaweka askari, unapigana kupitia intaneti na mtu usiyemjua, aliye kusikojulikana. Akiwa amejibanza nyuma ya meza ya pasi, Kobe alikuwa amewatoa wachezaji wa kila namna mpaka wakabaki yeye na mwenzake mmoja tu. Katika nusu fainali, majeshi yalipokutana na kioo kikajaa watu, kompyuta ilikabwa. Picha ilikuwa ikienda kwa kurukaruka kama kuku aliyefungwa mguu, na Kobe aliponea chupuchupu. Cheche alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Alipiga kifua pale pale.

"Fainali huchezi na mkokoteni huu. Mimi kaka yako nipo, nitautia injini."

Ndiyo maana asubuhi hii, Kobe alipotoka kupeleka nguo za wateja, Cheche aliifungua kompyuta yake bila kumwambia. Alitaka iwe zawadi ya kumshangaza. Na kazi aliifanya vizuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Alichomoa betri kwanza. Alishika bomba la chuma ili umeme wa mwilini umtoke. Skrubu alizipanga kwenye kifuniko cha kopo la wanga, kila moja mahali pake. Alitoa vijiti viwili vya RAM, ile kumbukumbu ambayo mashine huifanyia kazi, akapachika vipya vyenye uwezo maradufu, akavisikia vikilia *ta!* kila kimoja. Akafunga. Akawasha.

Giza.

Sasa akaifungua upya, akarudisha vijiti vya zamani, vile vile vilivyokuwa vikifanya kazi jana. Akawasha, akakikodolea macho kioo, akangoja kadiri alivyoweza. Giza. Akaizima.

Hapo akaanza kupiga hesabu. Vipya kama ni vibovu, vya zamani je? Kama vyote vinakataa, basi aliyekufa si kijiti. Aliyekufa ni mashine yenyewe, na muuaji anajulikana.

Pazia likasogea, Bibi akachungulia. "Mume wangu, mbona umeinama hivyo? Umepoteza jino?"

"Bibi, niache kidogo."

"Nikikuacha mimi, nani mwingine atakuchukua na hasira hizo?"

Siku nyingine Cheche angemjibu, kwa kuwa utani wa Bibi haukuwahi kumpita bila kurudishwa pamoja na riba. Leo aliendelea kugeuzageuza bisibisi mkononi. Bibi akamtazama, akatazama kile kioo cheusi, akafunika mdomo kwa kiganja. "Hee! Ya mke mwenzangu hiyo?"

Kobe aliingia na kapu tupu kichwani. Aliona bisibisi, akaona kifuniko cha kopo la wanga, akaona uso wa kaka yake. Akateremsha kapu, akakaa.

"Sema," alisema.

"Piga tu, usiniulize."

"Kaka, nitakupiga baadaye. Sema kwanza ulichofanya, kuanzia mwanzo."

Akasema yote. Kobe alikuwa akiitikia kwa kichwa, huku akizigusa taratibu zile RAM mpya kwenye kiganja chake. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Hizi zote zangu?"

"Zilikuwa zako. Sasa ni za marehemu."

"Ulipowasha, ukaiacha muda gani?"

"Kidogo."

"Kidogo chako au kidogo changu?"

Cheche akajifanya anahesabu skrubu.

Kobe akachukua simu, akawaandikia wachezaji wenzake kwenye kundi lao. Majibu yalimiminika, mengine ya pole, mengine ya kucheka, na moja akalisoma kwa sauti: "Ukibadilisha RAM, mashine huipima upya kabla ya kuonyesha chochote. Kioo kinakaa cheusi muda mrefu, unaweza kudhani imekufa. Usiiguse. Ukizima, inaanza kupima upya."

"Ndiyo nini sasa?" Cheche akaja juu. "Ufundi gani huo, kukaa? Tangu lini kusubiri kukawa ufundi?"

"Weka zile mpya, kaka. Mikono yako naiamini. Kinachonitisha ni hicho kidole gumba."

Akaziweka. Kobe akawasha. Taa, feni, giza. Wakaiacha juu ya kiti, na wote wawili wakaitwa mbele, Cheche kwenye pasi, Kobe kwa mteja aliyekuwa na shati la hariri na maneno mengi. Kobe alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakujua kumkatiza mtu. Aliporudi, taa za kibodi zilikuwa zimezimika.

"Nani amezima?"

"Mimi," Bibi akajibu kutoka jikoni, bila wasiwasi wowote. "Ilikuwa inawaka bure."

Hapa hapana budi kueleza, maana nyumba nyingine kosa hili lisingetokea. Zamani, Cheche akiwa bado anatambaa, pasi iliachwa ikiwaka juu ya koti la bwana harusi. Bwana harusi alioa kwa shati. Tangu siku ile Baba aliweka sheria moja, nayo ilishika kuliko nyingine zote: kitu kinachowaka na hakifanyi kazi, kizimwe. Watoto waliijua kabla ya kujua kuhesabu. Redio ikiimba chumba kitupu, ilizimwa. Taa, jiko, feni, chochote. Mkono ulikwenda wenyewe, mwenye mkono akiwa anawaza mambo mengine kabisa.

Kobe akawasha tena, akageuka kunywa maji. Mama akapita na ndoo, akanyoosha kidole kwenye kompyuta, *ti*, akaendelea na safari yake.

"Mama!"

"Nini? Si ilikuwa inawaka bure?"

"Haiwaki bure! Inafanya kazi!"

"Kazi gani, kioo cheusi kama sufuria?"

Cheche akacheka, kicheko cha mtu aliyechanganyikiwa, kisha kikakatika ghafla. Alikumbuka dole gumba lake tangu asubuhi. Kila mara ile feni ilipotulia na mashine ikawa kimya, mkono wake ulikuwa umekwenda. Aliuita huo uamuzi wa fundi. Kumbe ni sheria ya pasi.

"Kobe," alisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Hata mimi. Hatujaiacha hata mara moja."

Saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia tisa bila haya. Asiyeingia kwa wakati, mwenzake anapewa ushindi. Kobe akaitazama familia yake: Mama na ndoo, Bibi na mwiko, Baba aliyekuja kuuliza kelele za nini, na kaka yake ambaye vidole vyake vilikuwa vikicheza pajani vyenyewe. Akaenda kwenye rundo la nguo safi, akachomoa shuka kubwa kuliko yote, la kitanda cha watu wasiopenda kubanana.

"Kila mtu ashike pembe," alisema. "Mikono miwili. Baba hapa, Mama pale. Bibi, wewe kule. Kaka, hapa mbele yangu nikuone."

"Na kompyuta?" Baba akauliza.

Kobe akabonyeza kitufe. Taa, feni, giza. "Kompyuta ina kazi yake. Sisi tuna yetu. Tunakunja shuka, kwa mwendo wangu. Atakayeachia pembe yake, nitamkunja yeye."

Wakaanza. Lo, mateso! Kobe alikuwa akipita kandokando ya shuka, ananyoosha mkunjo kwa kiganja, anarudi, anasema, "Mama, umelegeza." "Baba, pindo halijakutana." Shuka likikaribia kukunjwa, anaona kasoro, linafunguliwa lote. Baba alikuwa akihema kama aliyebeba gunia. Bibi akalalamika kwamba ameolewa mara moja tu maishani na hata hiyo haikuwa ndefu hivi.

Nyuma ya Kobe, feni ilipanda, ikashuka, ikanyamaza.

Cheche akasikia kile kimya. Mkono wake wa kulia ulishtuka, pembe ya shuka ikamponyoka nusu.

"Kaka."

"Imekufa, Kobe! Sikiliza! Haipumui!"

"Shika pembe."

"Nikaitazame tu."

"Huwa huendi kutazama, wewe. Shika."

Akashika. Aliuma meno mpaka masikio yakamsimama. Alikuwa amewahi kubeba marobota ya nguo zilizolowa, amewahi kupiga pasi na homa, lakini kitu kigumu kama kusimama pale na pembe ya shuka la watu hakuwahi kukifanya. Na alipokuwa anateseka hivyo ndipo alipomwona mdogo wake vizuri. Kobe alikuwa amekipa kile kioo kisogo. Fainali ni yake, kompyuta ni yake, naye ananyoosha mkunjo. Shingoni mshipa ulikuwa ukimpiga mbiombio. Kumbe anaogopa! Anaogopa kama wao, ila hofu yake haina haki ya kumshika mkono.

Feni ikavuma upya.

Mwanga wa buluu ukaangukia ukuta, ukaangukia uso wa Bibi, na Bibi akawa wa kwanza kupiga yowe. "Ya mke mwenzangu imefufuka!"

Shuka likarushwa juu. Wote waliachia kwa pamoja, Baba akamkumbatia Mama, Cheche akaruka mpaka kichwa chake kikagonga suti iliyoning'inia. Kobe peke yake ndiye aliyekwenda taratibu, akakaa, akasoma pembeni mwa kioo uwezo wa kumbukumbu, akageuka.

"Maradufu, kaka. Yote imeonekana. Umeiweka sawasawa tangu asubuhi."

Cheche alitaka kujipiga kifua, lakini akajikuta anafuta vumbi la kibodi kwa pindo la shati lake.

Kobe aliingia mchezoni huku mpinzani ameshaanza kuandika maneno ya kejeli. Kisha yule mpinzani akaja. Alikuja na kila alichonacho, mishale, moto, magogo ya kubomolea lango, na askari wa Kobe wamekaa ndani ya kuta wametulia tuli.

"Mbona hawa wamekaa?" Baba akauliza. "Wanakula bure?"

"Fanya kitu, mwanangu!" Mama akalia. "Ukuta unaliwa!"

Bibi naye alikuwa tayari ananyoosha mkono, Mungu ndiye anayejua kwenda wapi. Cheche akaudaka hewani, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Mwacheni," alisema. "Anafanya kazi."

Ukuta wa kwanza ukaanguka. Wa pili ukapasuka. Jeshi la mpinzani lilikuwa limetawanyika, limechoka, nusu yake imebaki nyuma na magogo. Ndipo Kobe alipofungua malango yote kwa mpigo. Kioo kikajaa watu, farasi, vumbi, mikuki, wengi kuliko nusu fainali, na picha ikatiririka laini kama maji kwenye bomba jipya, haikukwama hata mara moja. Cheche hakuwa akitazama vita. Alikuwa akitazama jinsi picha inavyotiririka, machozi yakimteremka, naye akimwambia Bibi kwamba ni mvuke wa pasi.

"Mvuke, ndiyo, mume wangu," Bibi akamjibu. "Hata mimi umeniingia."

Bendera ya mpinzani ilipoanguka, mtaa ulidhani kumetokea msiba au harusi. Mteja wa shati la hariri, aliyekuwa amerudi kuongeza maelezo, akajikuta anakumbatiwa na watu wanne asiowajua.

Ilipotulia, Baba akatazama chini. Shuka la mteja, lile lililokunjwa kwa mateso yote yale, lilikuwa sakafuni limekanyagwa na miguu kumi.

"Na hili nani atalifua?"

Wote walimtazama mtu mmoja. Cheche akainama, akaliokota, akaliweka begani kama joho la mfalme.

"Nitalifua mimi," alisema. "Na nitalikunja. Kobe, njoo unifundishe lile pindo." Akafika kwenye pazia, akageuka. "Lakini usiniharakishe."