Komeo la Mlango wa Bafu

Fundi mstaafu wa mabanda ya kuku alimwahidi mkewe komeo la mlango wa bafu, maana kila mama huyo akioga, wajukuu humfungulia mlango. Akapima, akatoboa, akakaza skrubu, kisha akajipiga kifua.

"Mzee," mkewe akauliza, "mbona liko nje? Kwani mimi kuku?"

Mikono ilikuwa imefuata mazoea yake. Lakini akiri? Thubutu! "Nimeliweka huko makusudi, mama watoto. Mlinzi ni mimi."

Mkewe alipoingia kuoga, mzee akaburuta kigoda, akaketi mlangoni. Wajukuu walipokuja mbio, akawanong'oneza, "Humu ndani anaoga mamba."

Bibi yao akasikia. Akapiga maji kishindo, akanguruma. Wajukuu wakatoka nduki, naye akaendelea kujimwagia maji huku akiimba, hadi akatosheka.