Kifurushi cha Mashine Kongwe

Ijumaa asubuhi meza ya chakula ilibeba kompyuta tatu, sufuria ya viazi na kisu. Viazi vilikuwa vya Mama. Kompyuta zilikuwa za binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitufe, kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kuona kitufe akakiacha bila kukibonyeza.

Kitufe alisimamia maktaba ya programu huria, yaani msimbo ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua bure na kuutia ndani ya programu yake. Msimbo wake ulisafisha sauti za watu wanaopigiana simu kwa kompyuta, ukiondoa mvumo wa feni na makelele ya barabarani. Kampuni kubwa ziliutumia na hazikuwahi kusema hata ahsante. Kila Ijumaa saa sita mchana toleo jipya lilitoka, na kila toleo lilipaswa kujengwa upya kwa kila aina ya mashine, kifurushi kimoja kimoja, maana cha mashine hii hakifanyi kazi kwenye ile.

Vifurushi vya mashine mpya vilitoka bila maneno. Cha mashine kongwe kiligoma. Alirekebisha kosa moja, likazuka jingine, akalirekebisha hilo, la kwanza likarudi.

"Dude hili litanitoa roho," alisema.

"Kula kwanza," Mama alisema.

"Nikimaliza, Mama."

Mwenzake katika usimamizi, mtu wa mbali ambaye hawajawahi kuonana naye uso kwa uso, alimwandikia kwamba wenye mashine kongwe ni wachache, waachwe. Kitufe alikuwa amechoka hadi macho yanawasha. Alikiondoa kifurushi kile, akabonyeza, toleo likatoka.

"Hivi viazi ukiviacha vikapoa," Mama alikuwa akisema, na hapo sauti ikakatika. Midomo iliendelea. Alikohoa, na kikohozi nacho hakikusikika. Akafunika sufuria na kwenda kuanua nguo.

Fundi cherehani wa jirani, ambaye kompyuta yake ilikuwa kongwe kama ya Mama, naye alinyamaza saa hiyohiyo, katikati ya kugombana na mteja. Mteja alishinda ugomvi.

Jumapili ilikuwa siku ya Mama kuzungumza na dada yake, aliyeishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Dada huyo haoni tena, kwa hiyo kumwandikia hakusaidii, na pale kwao kompyuta hutolewa Jumapili tu. Mama alikaa mbele ya mashine yake chumbani, akajifunga kitambaa kizuri, akapiga.

"Mbona kimya?" sauti ya dada iliuliza. "Umeninunia? Nimekukosea nini, mdogo wangu?"

Mama alieleza kwa kirefu. Hakuna kilichotoka. Dada alilia kidogo, kisha akakata simu.

Kitufe alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi mezani akiwa na hasira, zaidi akijikasirikia mwenyewe, na ndipo alipoliona kosa. Kifurushi cha mashine kongwe alikuwa akikijenga kwenye kompyuta yake mpya, nacho kikawa kinadai vitu ambavyo mashine kongwe hazikuzaliwa navyo. Kilipaswa kujengwa kwenye mashine kongwe yenyewe. Akahamia chumbani kwa Mama.

Mashine ilijikongoja. Ilimeza msimbo kidogokidogo, ikapata moto, ikapumzishwa, ikaanza tena. Mama aliipepea kwa mfuniko wa sufuria. Alhamisi kifurushi kilikamilika, Kitufe akakitoa.

"... havina ladha," Mama alisema.

Fundi cherehani alisikika upande wa pili wa ukuta akiudai upya ushindi wake.

Kitufe alimpigia mwenzake palepale.

"Tusogeze toleo," alisema. "Mashine kongwe inahitaji siku nne. Tukitoa kila baada ya wiki mbili, kila mtu atapata."

"Haiwezekani. Kampuni zinasubiri Ijumaa."

"Kwani hizo kampuni zimewahi kutusaidia nini?"

"Hakuna. Lakini zimeshazoea Ijumaa."

Kitufe alikata simu, akaipiga meza kwa kiganja. Mama alivuta kiti, akaanza kumwambia yote aliyotaka dada yake ayajue: goti linavyouma, paka aliyezaa kabatini, na kwamba hajanuna, hajawahi kununa. Alizungumza usiku kucha hadi asubuhi. Ijumaa saa sita mchana toleo jipya lilitoka kwa wakati wake, bila kifurushi cha mashine kongwe, naye akanyamaza.

Jumapili Kitufe alikaa mbele ya mashine yake mpya. Mama alikaa kando yake na viazi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Na yeye yuko wapi?"

"Yupo hapa hapa. Anasema hajanuna, hajawahi kununa."

"Mbona hasemi mwenyewe?"

"Mashine yake, Mama Mkubwa. Labda Jumanne."

"Jumanne mimi sipewi kompyuta."

"Najua."



"Anafanya nini sasa hivi?"

"Anamenya viazi."

"Mwambie aache kuzidisha chumvi. Tangu utotoni anazidisha chumvi."

Mama aliweka kisu chini, akajibu. Alijibu kwa kirefu, mikono ikienda huku na huku, na mahali fulani akacheka. Kitufe aliitazama midomo yake hadi ikatulia.

"Amesikia," alisema.